Jina Chini ya Jogoo

Paris, Mtaa wa Saint-Jacques
4 Februari 1819

Baba mlezi Anselme,

Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Umekaa? Haya. Tumepata kazi ya kuku.

Usicheke. Kuku arobaini, majogoo na mitetea, kila mmoja na ukurasa wake, kwa rangi, katika kitabu kikubwa ambacho mtu hawezi kukibeba kwa mkono mmoja. Mwenye kitabu ni Kanali Fontrailles, mstaafu, ambaye baada ya kupigana nusu ya Ulaya alirudi kwao akaanza kufuga, na sasa hana mazungumzo mengine. Mchapishaji ni Bwana Dargental. Alikuja mwenyewe hapa karakanani, kofia mkononi, akaniuliza baba yangu yuko wapi. Nikamwambia yuko makaburini mwaka wa sita sasa, na picha zote alizozisifia tangu hapo nimechapa mimi. Akakohoa.

Kisha akafunua picha ya jogoo wa Houdan iliyochorwa kwa brashi na Bwana Sévérac. Kishungi cheupe na cheusi, uso mwekundu, mkia wa kijani unaoingia zambarau. "Hii," akasema, "wenzako wanne wameniambia haichapiki. Wanataka ichapwe nyeusi tupu halafu wasichana waipake rangi moja moja." Nikamuuliza, "Hao wenzangu wana mikono au wana kwato?" Nikamwambia: bamba moja la shaba, rangi saba, linapita mtamboni mara moja tu. Kama alivyofanya baba yangu, na kama ninavyofanya mimi vizuri zaidi yake, Mungu amrehemu.

Masharti ni mawili. La kwanza ni lake: bamba lichongwe na Courtaud wa Blois, yaani wewe, kwa mkono wake mwenyewe. Hataki mwingine. Anasema vitone vyako anavitambua hata gizani. La pili ni langu. Unajua desturi: chini ya picha, kushoto jina la mchoraji, kulia jina la mchongaji, na mchapaji hayupo, utadhani rangi zilijipaka zenyewe. Miaka kumi na tisa nimeshika kazi hii na jina langu halijatoka popote isipokuwa kwenye daftari la ubatizo. Safari hii nimesema: katikati, chini, kwa herufi za kusomeka, "Imechapwa kwa rangi na Honorine Vauquier." Alicheka. Aliponitazama akaona sicheki, akaacha.

Amekubali, lakini picha ya majaribio ipite kwanza. Tarehe 15 Aprili, mbele yake na mbele ya Kanali. Jogoo akiwapendeza, kuku wote arobaini ni wetu na jina langu linabaki. Asipowapendeza, kazi inakwenda kwa wasichana wa brashi na jina langu linarudi lilikokuwa.

Kwa hiyo nakuomba, Baba mlezi, bamba nilipate katikati ya Machi. Na hilo jina langu lichonge wewe mwenyewe, usinifanyie ubahili wa herufi. Mathurin anakusalimu, bado anazungusha mtambo na bado analalamika mgongo. Nisalimie Perrine, mkweo. Namwonea huruma kuishi na wewe.

Binti yako wa ubatizo,
Honorine


Blois, 12 Februari 1819

Honorine mwanangu,

Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Ni wa jirani yangu, mwalimu Bridault. Nimejikata kidole gumba nikimenya tufaha, basi mimi nasema yeye anaandika, na kila sentensi ananisahihisha. Ukikuta maneno ya kistaarabu humu, ujue si yangu.

Picha ya jogoo imefika. Sévérac amejitahidi. Mwambie Dargental bamba lake atalipata, na aandae miwani, maana manyoya ya shingoni nitayafanya mpaka atake kuyashika. Miaka arobaini nimetoboa shaba vitone kwa sindano na sijawahi kurudishiwa kazi. Mkono uko imara. Kidole kitapona wiki hii.

Umefanya vizuri kudai jina. Baba yako alikuwa fundi kuliko wote mtaani kwenu na alikufa bila kudai chochote kwa sababu alikuwa anaona haya. Wewe haya hukuzaliwa nazo. Nitakuchongea herufi nene.

Perrine hajambo. Ananinolea sindano na kunishikia kioo ninapogeuza picha. Ni mtulivu, haongei sana, ananipikia supu ya vitunguu ambayo haina chumvi kwa sababu daktari amemjaza maneno. Théodule wangu angekuwepo, mimi na yeye tungegawana kuku ishirini kwa ishirini, tukamaliza mwaka huu huu. Lakini alikwenda Urusi na jeshi akabaki huko, na mjane wake amebaki na mimi. Ndivyo tulivyo hapa nyumbani, wawili.

Usiwe na wasiwasi. Courtaud yupo.

Anselme Courtaud
(na mimi Bridault, niliyeandika, nakusalimu pia, Bibi)


Paris, 20 Machi 1819

Baba mlezi,

Bamba limefika jana salama. Leo asubuhi nimelichapa. Acha nikusimulie kwa mpangilio, maana nimejaa furaha na nimejaa maswali, na nikianza na maswali utachukia.

Nililipasha moto kidogo juu ya makaa, nikapanga mezani wanasesere wangu saba wa kupakia wino, kila kitambaa nimekisokota na kukifunga kichwa mwenyewe, kila kimoja na rangi yake. Mathurin akavihesabu akasema, "Leo una watoto wengi." Nikaanza na mweusi wa kishungi, nikaja wekundu wa uso, kahawia ya mgongo, manjano ya miguu, kijivu cha mdomo, halafu kijani na zambarau za mkia, ambazo nilizisugua zikutane katikati ya unyoya wenyewe, si pembeni. Saa mbili nzima kupaka na kupangusa. Kisha karatasi yenye unyevu, blanketi juu, na Mathurin akazungusha.

Nilipoinua karatasi Mathurin akavua kofia. Huyo mzee hajawahi kuvua kofia hata kwa askofu. Jogoo amesimama pale, kifua mbele, anataka kupigana na mtu. Mkia unang'aa na sijaugusa kwa brashi. Haki ya Mungu, hii ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka katika nyumba hii, na baba yangu anisamehe.

Basi nikateremsha macho nilione jina langu. Kwa mara ya kwanza maishani, Baba mlezi. Nimengoja miaka kumi na tisa. Na nini nikaona? Jina langu limetoka kinyume! Linaanzia mwisho, herufi zote zinatazama upande mwingine. La Sévérac hivyo hivyo. La kwako hivyo hivyo! Ilibidi Mathurin aniletee kioo cha kunyolea ndevu ndipo nikajisoma. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli kidogo, halafu nikacheka tena.

Sasa maswali. Mchongaji mwenye miaka arobaini kazini anasahau kwamba shaba inageuza kila kitu? Jogoo umemgeuza sawasawa, mpaka unyoya wa mwisho, halafu jina lako mwenyewe ukaliandika kama unaandika barua? Ulikunywa nini?

Hilo ningelimeza. Lakini kuna jingine. Wewe ni mashoto. Tangu nikiwa msichana napangusa mabamba yako kwa kiganja hiki, na vitone vyako vyote vina kaukingo kadogo upande mmoja. Nikipangusa kwenda kulia vinanikwaruza, nikirudi havina neno. Bamba hili limenikwaruza nikirudi. Bamba zima. Aliyelichonga anatumia mkono wa kulia.

Dargental hana viganja vyangu, hatajua. Mimi najua. Nani amemchonga jogoo huyu?

Honorine


Blois, 27 Machi 1819

Honorine,

Nilikuwa na mafua ya kifua wiki ya mwisho, nililala, na bamba lilikuwa linawahi gari la abiria. Hayo ya majina ni bahati mbaya. Lirudishe, litasahihishwa kwa siku mbili.

Kuhusu mkono, nilikwambia nimejikata kidole. Nilitumia mkono mwingine. Mtu mwenye akili hujifunza mikono yote miwili.

Na tafadhali usinihoji tena. Mimi nilikushika ukibatizwa, ukanitapikia koti jipya. Jina la Courtaud nimelijenga kitone kwa kitone kwa miaka arobaini. Vita vilinichukulia mtoto, uzee umenichukulia meno, sasa wewe na viganja vyako mnataka kunichukulia kilichobaki? Dargental anataka Courtaud. Kwenye bamba pameandikwa Courtaud. Mwisho wa maneno.

Mwalimu Bridault anasema barua hii ni kali mno. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

A. Courtaud


Blois, 29 Machi 1819

Bibi Honorine,

Hunijui sana. Tulionana mara moja kanisani siku ya ndoa yangu, ulinipa mkufu. Ninaandika mwenyewe, polepole, na mzee hajui. Nimeikuta barua yako chini ya mto wake.

Ni mimi.

Mikono yake inatetemeka tangu msimu wa baridi wa mwaka juzi. Hakujikata kidole. Hawezi kushika kijiko kikafika mdomoni na supu ndani, ndiyo maana anasema haina chumvi, ili aache bila mtu kumwuliza kwa nini. Kwanza aliniita nimshikie bamba. Halafu nimshikie sindano kidogo. Halafu siku moja akasema, endelea wewe, mimi nitakaa hapa. Kila siku anakaa kando yangu na kuniambia wapi niweke vitone vingi na wapi viwe vichache, na ananitukana vizuri tu, na mimi nimejifunza. Katika mabamba ya maua tuliyochonga mwaka jana, matatu ya mwisho ni yangu pia. Hukuyachapa wewe, ndiyo maana hukujua.

Majina ni kosa langu kabisa. Picha naigeuza kwa kioo kama alivyonifundisha. Lakini majina siku zote alikuwa akichonga yeye, mwishoni, hata mkono ulipoharibika alikuwa anajikaza, na mimi sikuwahi kuchonga herufi hata moja. Safari hii alikuwa na homa. Nilichukua barua yako ya kwanza nikaiga majina yalivyoandikwa. Nilipomaliza niliyasoma kwenye shaba, nikaona yanasomeka vizuri, nikafurahi. Naona aibu mpaka sasa.

Kuna jingine bora nikuambie kabla hujalikuta. Sévérac amemchora jogoo na vidole vinne. Mimi nimezaliwa Houdan, mama yangu alikuwa anauza kuku soko la Jumatano, na jogoo wa kwetu ana vidole vitano. Nimemwekea cha tano. Sikumwambia mzee. Kama nimekosea kuingilia kazi ya mchoraji, nitakikwangua.

Ninachokuomba ni kimoja. Usimwambie Dargental. Acha jina la mzee. Najua umetamani jina lako na mimi sitaki kuliharibu. Ukiniuliza kama nataka langu, ndiyo, nataka, siwezi kukudanganya, nilipomaliza lile jicho nilitamani kutoka barabarani nikamwonyeshe mtu yeyote. Lakini baba mkwe wangu hana kitu kingine. Akiambiwa Courtaud amekwisha, atakufa.

Perrine


Paris, 3 Aprili 1819

Perrine mdogo wangu,

Siku mbili sikukujibu, na nitakwambia kwa nini, maana mimi si malaika. Siku ya kwanza nilijisemea: paka wino, chapa, nyamaza. Majina yatanyooshwa, Dargental ataona Courtaud, mimi nitapata mstari wangu katikati, wewe umesema mwenyewe hutaki lisemwe. Kila mtu ameridhika. Nililala vizuri kabisa usiku ule.

Siku ya pili nilimtundika jogoo ukutani nikawa namtazama huku nikila mkate. Nikaona kidole cha tano. Nikajiuliza: wanaume wangapi wamekaa mezani wakisifiwa kwa rangi nilizopaka mimi? Nami nilikuwa nyuma ya mlango nanawa mikono. Leo nikinyamaza, nimekufungia mlango ule ule, tena kwa ufunguo wangu mwenyewe. Mkate ukanishinda.

Sasa nisikilize, nimepata njia na ni halali. Wewe uliolewa na Théodule Courtaud, kanisani na kwa meya, mimi nilikuwepo, nilikula keki. Jina lako nani? Courtaud. Dargental anataka Courtaud? Anaye. Mzee siku zote ameandika "Courtaud" peke yake, bila herufi ya mbele, kwa kiburi, eti yuko mmoja tu. Haya, sasa wako wawili. Kinachokosekana ni herufi moja. P.

Bamba linakuja na gari hili hili. Majina yote yakwangue, upande wa nyuma ugonge shaba ipande iwe sawa, uyachonge upya, na safari hii tumia kioo! Mbele ya Courtaud uache nafasi ya herufi moja. Usiichonge. Halafu mpe mzee barua hii aisome yote, hata hapa ninaposema kwamba ni kichwa ngumu na kwamba nampenda. Jina ni lake, amelijenga yeye. Hatutamwibia. Akisema hapana, nafasi ibaki tupu, nitachapa hivyo hivyo na sitatoa neno mbele ya Dargental. Akisema ndiyo, ichonge P, na mimi nitabeba yatakayotokea.

Naweza kupoteza kuku wote arobaini. Sharti lilikuwa mkono wake mwenyewe, na Dargental si mtu wa kuchezewa. Najua. Ninaogopa pia, usifikiri mdomo huu mkubwa hauogopi.

Kidole cha tano usikiguse.

Dada yako,
Honorine


Blois, 9 Aprili 1819

Dada Honorine,

Nimefanya ulivyosema. Majina nimeyanyoosha, nafasi nikaiacha. Juzi baada ya chakula nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili. Hakunitukana hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Jana asubuhi alichukua bamba akaingia nalo kwenye chumba cha kazi akafunga kwa komeo. Nilisikia anakwangua. Nilibisha, akasema niende sokoni. Nilipokwenda na kurudi bado alikuwa ndani. Mchana alitoka na bamba limeshafungwa kwa gunia na kamba, akalipeleka mwenyewe kwenye gari la abiria, kwa miguu, na mvua ilikuwa inanyesha. Hakutaka nilione. Sijui amefanya nini. Naogopa amelikwangua lote.

Vyovyote utakavyolikuta, usimkasirikie.

Perrine


Paris, 16 Aprili 1819

Perrine, na wewe Baba mlezi kama unasoma begani kwake, maana nakujua,

Nimekunywa divai glasi mbili na sasa nina uwezo wa kuandika.

Bamba lilifika tarehe 11. Nililifungua na Mathurin. Jogoo mzima. Majina yamenyooka. Na mbele ya Courtaud, ile nafasi, imejaa. Imekaa P. Perrine, dada yangu, mbaya hiyo! Imeegemea upande, tumbo lake limebonyea, na mguu wake umepita chini ya mstari. Barua yako haijanifikia tangu bamba liondoke, basi nikasema maskini, mkono umekutetemeka kwa woga. Lakini ni P, hakuna mtu atakayesema ni kitu kingine.

Sasa nikuungamie. Asubuhi ya tarehe 15, ninapopaka bamba la kupeleka, nilifika kwenye majina. Herufi isipopata wino haitoki. Mfukoni nilikuwa na kitambaa safi. Nikikizungusha kidoleni, nikakipitisha mara moja juu ya hiyo P, picha inatoka na Courtaud peke yake, hakuna wa kujua. Nilisimama pale mpaka Mathurin akauliza kama naumwa. Kisha nikachukua mwanasesere wa mweusi nikaipaka hiyo P wino wa kutosha, zaidi ya jina langu mwenyewe.

Kwa Dargental walikuwa wawili tu, yeye na Kanali. Kanali ni mtu mfupi, mashavu mekundu, ana unyoya mmoja uliomganda kwenye mkono wa koti na hana habari. Nikaiweka picha dirishani. Kanali akaisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Huyu ana hasira," akasema.

"Ndiyo, Kanali."

"Jogoo wa Houdan lazima awe na hasira." Kisha nikaona midomo yake inahesabu. "Vitano! Dargental, njoo hapa. Vidole vitano! Yule Sévérac nilimwambia mara tatu, akaniambia kwamba nyayo anazijua. Nani ameweka hiki cha tano?"

Dargental alikuwa na lenzi yake tayari, lakini yeye alikuwa anatazama chini ya picha, kwenye majina. "P ni ya nini?" akauliza.

Nikasema, "Ya Perrine."

"Perrine nani?"

"Perrine Courtaud. Mjane wa Théodule Courtaud, mkwe wa mzee, mwanafunzi wake. Ndiye aliyechonga. Mzee mikono imechoka, amemfundisha kila anachojua."

Akaweka lenzi chini. "Tulikubaliana Courtaud. Umenidanganya."

"Ningetaka kukudanganya, Bwana, hiyo herufi usingeiona. Mimi ndiye ninayeamua nini kinatoka kwenye bamba na nini hakitoki. Nimekuletea ukweli na wino wake. Ulitaka Courtaud, huyu ni Courtaud. Ulitaka kazi hii, ndiyo hii. Kama unaye mwingine anayeweza, mpe."

Nilisema hivyo, Perrine, sauti imekaza.

Dargental akafungua mdomo. Kanali akamwahi. "Huyo mwanamke anatoka wapi?"

"Houdan," nikasema. "Mama yake alikuwa anauza kuku soko la Jumatano."

"Ehee!" Kanali akapiga meza. "Basi! Kumbe mtu anayejua kuku! Dargental, kitabu ni changu, na nimechoka na wachoraji wanaoona kuku wakiwa kwenye sahani. Nataka huyu wa Houdan. Wote arobaini."

Dargental akatuangalia sisi wawili. Alikasirika, sitakuficha, na atakaa na hasira hizo mpaka Pasaka ijayo. Lakini alitazama picha tena, na tena, na mimi namjua mtu anapotaka kitu. Amekubali. Sévérac kushoto, P. Courtaud kulia, na katikati mimi. Kuku wote arobaini.

Ametoa sharti moja tu. Hiyo P anasema imeandikwa na mlevi, inaharibu ukurasa, na lazima ikwanguliwe ichongwe upya na fundi wa herufi wa hapa Paris. Nimemwambia sawa. Ila nimeona afadhali uichonge wewe mwenyewe upya, taratibu, sasa ambapo huna cha kuogopa. Nitume bamba lini?

Nimefurahi mpaka kichwa kinauma.

Honorine


Blois, 22 Aprili 1819

Honorine mwanangu,

Leo sikumwita Bridault. Samahani kwa mwandiko, utausoma kwa shida, mimi nimeuandika kwa shida zaidi.

Barua yako ilifika jana. Perrine aliisoma mezani kwa sauti. Alipofika kwenye P akasimama, akasema, "Lakini mimi sikuichonga." Akanitazama. Hapo nilikuwa nimeshatazama dirishani.

Siku ile nilipojifungia, nilishika kikwanguo kwanza. Nilitaka kulisogeza jina langu lijaze ile nafasi, pasibaki pa kuingia herufi ya mtu. Nilikwangua kidogo pembeni, ndicho alichokisikia Perrine. Halafu nikamtazama jogoo. Miaka miwili nimekaa karibu na huyu mtoto nikimpigia kelele wapi aweke kitone, nikajiona mimi ndiye ninayechonga na yeye ni mkono tu. Nikahesabu vidole. Sikuwahi kumwambia kitu kuhusu vidole. Mimi kuku nawajua wakiwa na vitunguu.

Nikafunga kifundo cha mkono wangu wa kushoto kwenye meza, kwa mkanda wa suruali, nikaukaza kwa meno. Sindano niliishika kwa ngumi. Kutoka kengele ya asubuhi mpaka kengele ya mchana, herufi moja. Iliniteleza mara mbili. Nikatukana, nikapumzika, nikaendelea. Nilitumia kioo, Perrine ajue hilo.

Mwambie Dargental huyo mlevi ni mimi, na fundi wake wa herufi akae mbali na bamba langu. Kitabu kina kuku arobaini, na humo mimi nimechonga P moja. Isiguswe.

Anselme,
baba mkwe wa P. Courtaud